Herufi Moja Iliyogeuka Kabambare

Wanangu wa labo, mmekuja hapa barazani kwangu na madaftari yenu mapya, mkaniambia niwasimulie habari za mashine. Mashine mtafundishwa na wenye mashine. Mimi nilishika sindano na vioo vya maabara zaidi ya miaka thelathini hapa Kasongo, na nilipostaafu macho yangu yalikuwa yamechoka kuliko miguu. Mali niliyobaki nayo ni makosa yangu. Nitawapa mawili: moja nililifanya, lingine lilibaki kidogo tu nilifanye.

Jina langu ni Riziki, lakini mjini hapa hata watoto wa shule wananiita Mama Labo. Nyumba yetu ni ya Waislamu wa zamani wa Kasongo. Baba aliuza vitambaa na chumvi, na alitaka niolewe mapema. Mama ndiye aliyemwambia, "Huyu iko na macho. Mwache asome." Macho hayo ndiyo yaliyonipa kazi.

Aliyenifundisha ni Papa Alfonsi, Mzimba kwa kabila, Mkristo, mtu wa maneno machache na suruali iliyopigwa pasi kila siku hata mvua inyeshe. Wiki nzima ya kwanza alinikataza kugusa damu ya mtu yeyote isipokuwa yangu mwenyewe. Asubuhi ananitoboa kidole, ananikalisha kwenye mikroskopi, anakwenda zake. Siku ya nne nikamuuliza, "Papa, nimeshaiona damu yangu. Niangalie nini tena?"

Akasema, "Ujue ya kwako kwanza. Halafu ndiyo uanze kusema za watu."

Nilidhani ananionea. Nilichelewa kuelewa.

Siku hizo kazi yetu kubwa ilikuwa malaria, minyoo, na ugonjwa wa SS. Huo wa mwisho mnaujua: chembe za damu zinapinda kama mundu, mtoto analia mifupa, macho yanakuwa ya njano. Kuupima tulikuwa na njia ya masikini. Unaweka tone la damu kwenye kioo, unatia tone la maji yenye unga fulani unaonyonya hewa yote, unafunika na kioo chembamba, unaziba kando kando ili hewa isirudi, unangoja. Chembe zikikosa hewa, zenye ugonjwa zinapinda mbele ya macho yako. Cha kuziba kando nilikuwa natumia rangi ya kucha, nyekundu, ya sokoni. Bwana yangu, Mungu amrehemu, aliona kichupa kile kwenye mfuko wangu wa kazi akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akauliza, "Kule labo munapima damu ao munajipamba?" Nikampeleka akaone. Alirudi nyumbani anacheka, na toka hapo ni yeye aliyekuwa ananinunulia rangi.

Sasa sikilizeni vizuri. Papa Alfonsi alikuwa na amri moja juu ya maji yale: unayatengeneza asubuhi, jioni unayamwaga, hata kama yamebaki mengi. Na kila siku, kabla ya kupima mgonjwa, unapima kwanza damu ya mtu unayemjua kwamba chembe zake zinapinda. Sisi tulikuwa naye, mpishi wa hospitali, mzima wa afya. Alikuwa amebeba nusu ya ugonjwa bila kuumwa. Zisipopinda za mpishi, maji yamekufa, na siku hiyo hupimi mtu.

Papa Alfonsi alipostaafu, nikabaki peke yangu. Barabara zilikuwa zimekatika, unga ulikuwa haufiki. Nikaanza kubana. Maji ya Jumatatu nikayatumia Jumanne. Na mpishi alikuwa amehama.

Jumanne hiyo akaja mama mmoja wa Lusangi, anaitwa Mama Sifa, na bwana yake, na mama wa bwana. Mtoto wao alikuwa na ugonjwa wa SS, hilo lilikuwa limeshajulikana. Mnajua kwamba mtoto ili augue lazima apate kipande kwa mama na kipande kwa baba. Mama Sifa nilikuwa nimempima Jumatatu, alipokuja peke yake: chembe zake zilipinda. Za bwana nikazipima Jumanne. Nikangoja. Nikangoja tena. Hazikupinda. Nami, bila kufikiri, nikasema kwa sauti mbele ya watu wote, "Baba hana kitu."

Mama mkwe akamgeukia Mama Sifa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi tumejua."

Sikuelewa nimefanya nini mpaka walipokwisha kutoka. Hata hapo nilijiambia, mimi nimesema nilichoona. Ndoa ilivunjika kabla ya wiki mbili kwisha. Unga mpya ulipofika, nikatengeneza maji mapya, nikamtafuta yule mpishi mpaka nikampata, nikapima damu yake kwa maji mapya na kwa yale ya zamani niliyokuwa bado nayabana. Kwa mapya zikapinda. Kwa ya zamani zikakaa mviringo kama hakuna neno.

Nilimpata bwana wa Mama Sifa, nikampima tena. Zikapinda. Alikuwa ameshaoa mwingine. Nikapanda pikipiki mpaka Lusangi, nikamkuta Mama Sifa anapalilia mihogo, mtoto amekaa kwenye mkeka pembeni. Nikamwambia yote, nimesimama, sikuthubutu kukaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akaniletea maji ya kunywa.

"Kunywa, Mama Labo. Umetoka mbali."

"Nitakwenda kuwaambia ukoo wake," nikasema. "Nitasema mbele ya wote."

"Nenda uwaambie, ni vizuri. Lakini kule sirudi. Mutu aliyeniamini siku zote, halafu akaacha kuniamini kwa sababu ya kioo kimoja, nitarudi kwake nifanye nini?"

Nilikwenda nikawaambia. Waliniitikia kwa adabu. Hakuna kilichobadilika. Mtoto wa Mama Sifa nilimfuata na dawa miaka yote mpaka akakua, na leo ni fundi cherehani, lakini hilo halifuti lile.

Nimewaambia hayo ili mjue nilikuwa nimebeba nini siku Dokta Imani alipofika.

Dokta Imani ni mwenzetu, Mkongomani, mwanamke mwembamba mwenye miwani, aliyesoma mambo ya urithi wa mwili. Alikuja Kasongo kutafuta familia: baba, mama na mtoto, watatu watatu. Mimi nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, wakaniambia nimsindikize kwa sababu najua watu na najua njia. Nikamuuliza anatafuta ugonjwa gani.

"Sitafuti ugonjwa," akasema. "Natafuta herufi mpya."

Akanieleza hivi. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna maandishi marefu sana ya herufi nne tu, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwili ukinakili, unakosea kidogo. Kila mtoto anazaliwa na herufi makumi kadhaa ambazo hazikuwako kwa baba wala kwa mama. Nyingi hazifanyi kitu. Yeye alitaka kujua zinageuka wapi, zinageuka namna gani, na kama watu wa zamani walikuwa wanakosea sawa na sisi. Na hapa kwetu, alisema, watu wamechanganyika toka zamani: Wazimba, Wabangubangu, na sisi ambao babu zetu walikuja na biashara kutoka pwani. Alitaka kusoma kwa wote.

Hakuhitaji damu. Alihitaji mate, kichupa kimoja kwa mtu. Mtasema ni kazi rahisi. Jaribuni! Mtu mzima aliyevaa kanzu yake safi, umwambie ateme mate mbele ya wake zake mpaka yafike kwenye mstari wa kichupa. Mmoja alituuliza kama serikali sasa inatoza kodi ya mate. Wengine walikuwa wakitafuna mbegu za kola, mate yanatoka kama chai. Na wengi kinywa kilikauka kwa aibu. Dawa yake niliigundua mimi, na Dokta Imani aliiandika kwenye daftari lake: nilibeba ndimu mfukoni. Mtu akishindwa, natoa ndimu, naikata mbele yake polepole, naifinya kidogo. Simpi. Naifinya tu. Kichupa kinajaa.

Basi tukafika Kabambare. Njia mnaijua, pikipiki, matope, madaraja ya miti miwili. Tulipokelewa kwa Bwana Shabani, mwenye duka dogo la sabuni, chumvi na betri. Alikuwa mtu wa makamo, nywele zimeanza kuwa nyeupe, mpole. Bibi yake wa kwanza alikuwa amefariki akamwachia watoto watatu wakubwa. Bibi wa sasa aliitwa Mapendo, kijana kuliko yeye kwa mbali. Kabla ya ndoa alikuwa akipikia wachimbaji wa dhahabu kule Salamabila. Mtoto wao wa kwanza, Furaha, alikuwa na miezi kama minane.

Dokta Imani alipomwona mtoto, alijua palepale kwamba huyu atakuwa mtu mfupi maisha yake yote. Paji la uso limetokeza, mikono na mapaja mafupi, kiwiliwili cha kawaida, vidole vifupi vilivyotawanyika. Alimchukua, akamshika mgongo kwa kiganja kizima, akamwambia Mapendo, "Usimkalishe mapema bila kumwegemeza. Mgongo wake unataka muda. Na akilala, sikiliza anavyopumua. Mengine yote atafanya, atachelewa tu kidogo. Akili yake ni nzima."

Mapendo akamtazama kama mtu aliyepewa maji. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu kumwambia namna ya kumlea yule mtoto. Wengine wote walikuwa wanamwuliza mtoto ametoka wapi.

Maana mlangoni alikuwa amesimama Mama Zaituni, dada mkubwa wa Shabani. Aliyasikia yote, akaingia.

"Dokta, karibu. Mimi iko na neno moja. Kwetu hakuna mutu mufupi. Toka babu wa babu. Uliza Kabambare yote."

"Nimekusikia, mama," Dokta akasema.

"Sasa huyu bibi alikuwa Salamabila, anapikia watu. Na Salamabila iko mutu mufupi hivi hivi, fundi wa simu, anaitwa Rafiki. Kichwa kile kile, mikono ile ile. Mimi sisemi kitu. Ninyi ndio munasoma damu. Musome."

Shabani aliangalia chini. Mapendo alimchukua mtoto akatoka naye nyuma, jikoni. Nikaelewa kwamba neno lile lilikuwa limeshasemwa mara nyingi ndani ya nyumba ile. Baadaye nilijua zaidi: Shabani hakuwa amemfukuza, hakumpiga, hakumtukana. Aliacha tu kula chakula chake. Alikuwa ananunua mkate nje, anakula dukani amesimama. Mapendo alipika kila siku, na kila siku chungu kilirudi vilevile.

Jioni, kabla jua halijazama, Dokta Imani akaniambia, "Mama Labo, vichupa hivi vinaweza kuonyesha baba ni nani. Kazi yangu hainiruhusu kulisema hilo mpaka wenyewe watake na waliotupa ruhusa ya kazi wakubali. Lakini mama wa mtoto tusimwulize mbele ya watu."

Nilimkumbuka Mama Sifa na jembe lake. Nikasema, "Dokta, tuache. Tuondoke. Kitu hiki kinaua nyumba."

"Nyumba inakufa tayari," akasema. "Lakini atakayeamua ni yeye."

Tukamfuata Mapendo jikoni, sisi wawili tu. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Dokta akamwambia waziwazi: mate yenu ninyi watatu yanaweza kusema mengi, na baba pia yanaweza kumsema. Ukikataa, tutawaambia kwamba kazi yetu haihusu jambo hilo, tutaondoka, na hakuna atakayejua kwamba tulikuuliza.

Mapendo aliweka mchi. Alifuta mikono kwenye kitambaa chake, kidole kimoja kimoja.

"Karatasi iko wapi?"

"Fikiri kwanza, mwanangu," nikasema mimi. "Hata usiku mzima fikiri."

"Mama, mimi ninajijua. Wao ndio hawanijui. Leteni karatasi."

Shabani naye alitia sahihi. Wakatema mate, na ya mtoto tukayachukua kwa pamba.

Na kesho yake, tulipokuwa tunafunga mizigo, ikafika pikipiki kutoka Salamabila, na juu yake yule mtu mwenyewe, Rafiki, fundi wa simu, miwani nyeusi, viatu vinang'aa pamoja na matope yote. Habari zilikuwa zimemfikia. Alishuka, akasalimia kila mtu kwa mkono, hata Mama Zaituni, ambaye hakujua aangalie wapi.

"Ninasikia munanitafuta kwenye mate," akasema. "Nimekuja mwenyewe. Nipimeni. Kila mutoto mufupi anayezaliwa kati ya hapa na Kasongo, ni mimi. Simu nitatengeneza saa ngapi?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Bibi yangu pia anasikia maneno hayo," akasema. "Nipimeni, na jibu langu mulisome mbele ya watu. Mimi ninatoa ruhusa."

Hakuhitaji ndimu.

Waliotupa ruhusa ya kazi wakakubali, na vichupa vikaenda mbali, kwenye mashine kubwa. Tukangoja mvua zikaja, zikapungua. Mimi nikastaafu katikati ya kungoja huko. Siku moja Dokta Imani akarudi Kasongo na kompyuta yake, akaniita kabla hatujakwenda Kabambare. Akafungua mistari ya herufi. "Hii ni ya Furaha," akasema, na kidole chake kikaonyesha herufi moja iliyogeuka. Kwa Mapendo haikugeuka. Kwa Shabani haikugeuka. Akafungua mstari mwingine. "Huu ni wa Rafiki."

Herufi ileile. Mahali palepale. Imegeuka vilevile.

Wanangu, hapa ndipo nilipobaki kidogo tu nikosee tena. Mdomo ukasema peke yake, "Basi ni kweli."

Dokta akanigeukia. Hakukasirika. Akaniuliza, "Mama Labo, shuleni mulikuwa na vitabu?"

"Vitabu vipi? Tulikuwa tunanakili ubaoni."

"Lilikuwako neno ambalo darasa zima lilikuwa linakosea?"

Nilifikiri. "Rhumatisme," nikasema, Kifaransa cha baridi yabisi. "Ile h ya mbele. Kila mtu alikuwa anaisahau. Hata wa shule nyingine. Hata wa Kindu."

"Wa Kindu waliiba kwenu?"

"Hapana. Neno lenyewe ndilo gumu."

"Ndivyo ilivyo herufi hii," akasema. "Imekaa mahali pabaya, karibu na jirani anayeifanya igeuke kwa urahisi. Mahali hapa pamegeuka kwa watu wa kila nchi, mara nyingi sana, toka kabla Kasongo haijaitwa Kasongo. Kila mara imeanza upya. Wafupi wengi wa namna hii wazazi wao ni warefu. Kuwa na kosa lilelile hakuwafanyi watu kuwa ndugu. Ukitaka undugu, angalia herufi zilizoizunguka."

Akanionyesha. Herufi zilizozunguka ile iliyogeuka kwa Furaha, kushoto na kulia, mbali mbali, zilikuwa za Shabani, moja baada ya nyingine. Za Rafiki zilikuwa nyingine kabisa. Na maandishi yote yaliyobaki yalisema hivyohivyo. Furaha alikuwa binti wa Shabani.

Nililia kidogo, sioni haya kuwaambia. Halafu nikataka kujua zaidi, maana uzee haukunitoa uchu. Dokta akanieleza kwamba maandishi hayageuki sawa kila mahali. Kuna sehemu zinapita vizazi na vizazi zimetulia, na kuna sehemu hazitulii. Wengine huzaliwa na herufi mpya nyingi kuliko wenzao, kwa sababu mbegu za mwanaume zinanakiliwa maisha yake yote, na baba akizidi umri, makosa yanazidi. Na hata namna ya kukosea haikukaa moja tangu zamani. Aina fulani ya kosa iliongezeka kwa watu wa upande fulani, ikadumu vizazi vingi, ikapungua tena. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Sijui vizuri. Labda umri ambao watu walizalia. Labda vile vitu vinavyorekebisha makosa ndani ya mwili, navyo vinabadilika. Bado tunatafuta." Nilimpenda zaidi kwa lile neno "sijui." Laiti ningelijua siku ya Mama Sifa.

Kabambare safari hii nilisema mimi, kwa sababu Dokta alisema Kiswahili changu kinaingia vizuri kuliko chake. Sikuanza na ukoo. Nilianza na Mapendo na Shabani peke yao, mlango umefungwa, mtoto kwenye magoti ya mama yake.

Nikasema, "Furaha ni mtoto wa Shabani. Hakuna shaka."

Shabani alifunika uso kwa mikono miwili. Alipoitoa, akauliza, "Na ile herufi? Ilitoka kwa nani?"

Nilijua swali litakuja, na nilikuwa nimelitafuta jibu njia nzima. "Iligeuka kwako, baba. Kwenye mbegu. Kugeuka kwa namna hii karibu siku zote kunatoka upande wa baba."

"Basi ni mimi niliyemuharibu mutoto."

"Hakuna aliyemharibu. Mwili wako unaandika upya kila siku toka ujana wako, bila kukuuliza. Kuandika sana kunaleta kosa. Hukuchagua, na hata ningekuwa nimekupima kabla, nisingeliona. Wala usinisikie vibaya ukadhani nimeondoa mzigo kwa bibi yako nikakutwika wewe. Mzigo haupo."

Shabani alinyoosha mikono, akampokea mtoto, akamgeuza amtazame usoni. Furaha akamshika ndevu.

Tulipotoka nje, ukoo ulikuwa umekusanyika uani, Mama Zaituni mbele, na Rafiki amefika tena na viatu vyake. Jibu la Rafiki Dokta alilisoma mbele ya wote, kama alivyotaka mwenyewe: mtoto si wake. Rafiki akasema, "Sasa nimepumzika. Simu zenye shida mulete." Nilikuwa nimejiandaa kusema na mimi, lakini Shabani alinitangulia. Alisimama amembeba mtoto.

"Muliniambia huyu hana sura ya kwetu," akasema. "Munganga amesoma. Kile kitu mulichokuwa munakiona si cha kwetu, ndicho kimetoka kwangu mwenyewe. Mikono hii mifupi ni yangu. Anayeisema, ananisema mimi."

Mama Zaituni alifungua mdomo aseme juu ya mashine za wageni, nikaona neno limemfia. Alikaa kwenye kiti. Akasema kwa sauti ndogo, "Mapendo, mwanangu, nilikuwa ninaogopa kwa ajili ya ndugu yangu." Mapendo akamjibu, "Najua, wifi." Mchana ule Shabani aliingia jikoni mwenyewe, akachukua sahani, akapakuliwa, akala sombe na bukari, ugali wetu, mbele ya watu wote mpaka akaomba tena.

Furaha sasa anasoma. Ameshachonga kibao cha kupandia kiti cha darasani, na anawachapa wenzake katika hesabu. Rafiki anampelekea simu mbovu afungue afunge. Ninawaambia hayo msije mkabaki na wasiwasi juu yake.

Lakini siku ile, tulipokuwa tunaondoka, Mapendo alitusindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nilidhani anakuja kushukuru. Nilikuwa hata nimeandaa uso wa mtu anayeshukuriwa. Alimsaidia Dokta kufunga mzigo, akaikaza kamba vizuri, kisha akanishika mkono.

"Mama Labo," akasema, "ninyi ni watu wazuri, Mungu awalipe. Lakini nataka nikuulize. Toka mutoto amezaliwa mimi nilisema maneno yaleyale. Niliapa. Hakuna aliyesikia, hata wewe ulikuwa unaogopa. Halafu nikatema mate kwenye kichupa, mukayaamini. Mate yangu mumeyaamini. Mudomo yalimotoka hamukuuamini. Kwa nini?"

Jibu nililitafuta toka Kabambare mpaka Kasongo, daraja baada ya daraja, na mpaka leo nalitafuta.

Kesho mnaanza kazi. Mtu akija kwenu, kabla hamjafungua kichupa, mpeni kiti, mwulizeni habari yake, na mwacheni amalize kusema.